Bi Zuwaina binti Sulayyim, Aliyeurudisha Usiku wa Sidra

Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, Bi Zuwaina binti Sulayyim anazima mtambo wa Jumba la Nyota kwa mara ya mwisho. Ametumikia miaka thelathini na minne na miezi minane. Kwa hesabu zake mwenyewe, ambazo hakuna aliyethubutu kuzikagua, amelichomoza jua mara elfu thelathini na moja na kulizamisha mara hizo hizo kasoro moja. Hiyo moja ni ile siku umeme ulipokatika mchana kutwa, na watoto wa shule wakarudi makwao jua letu likiwa bado limekwama utosini.

Kamati ya jarida imeniomba mimi, Muhanna bin Saif, fundi umeme, niandike wasifu huu kwa sababu ndimi mfanyakazi niliyekaa naye gizani kwa miaka mingi kuliko wengine wote. Mke wangu ameisoma sentensi hiyo na ameniruhusu niiache.

Aliingia kazini tarehe 1 Septemba 1991, msichana wa miaka ishirini na mitano kutoka kijiji cha Sidra, akaajiriwa kupiga chapa barua. Mtambo wa nyota ulikuwa umefika mwaka mmoja kabla yake. Ulikuwa dude la chuma lenye vichwa viwili na miguu mirefu, nasi tukaliita Siafu. Fundi aliyekuja nalo alitufundisha siku tisa, akapanda ndege, akatuachia kitabu cha maelekezo cha kurasa mia nne katika lugha ambayo hakuna hapa aliyeijua. Kwa zaidi ya mwaka Siafu aliendeshwa kwa kubahatisha. Siku moja Bi Zuwaina aliingia kwenye kuba, ukumbi wa giza ambamo Siafu hutupa nyota darini, na barua za kutiwa saini, akatazama juu, akamwambia mkurugenzi wetu wa wakati ule kwamba Kilimia, kile kishada cha nyota, kinachomoza magharibi. Mkurugenzi akamwuliza amejuaje. Akajibu kwamba kwao Sidra hilo hata mbuzi wanalijua. Baada ya wiki mbili alikuwa amehamishiwa kwenye meza ya kuendeshea mtambo, na barua zikapigwa chapa na mtu mwingine.

Ni yeye aliyetunga ile Karatasi ya Maneno ambayo kila mtoto hupewa mlangoni hadi leo. Ina maneno kumi na mawili, na maelezo ni yake mwenyewe, hakunakili popote. Nyota, imeandikwa humo, ina moto wake. Sayari haina, inaazima mwanga wa jua na wala haioni haya. Mwezi huizunguka sayari, sayari huizunguka nyota, na nyota nazo zina safari yao, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba huku juu kuna aliyekaa tu. Kimondo ni kijiwe kilichoingia kwetu bila kupiga hodi, kikaungua. Nyota-mkia si nyota, ni barafu na vumbi, usipige mayowe. Galaksi ni mji wa nyota, na mji wetu una nyota zaidi ya bilioni mia moja. Neno la mwisho ni ulimwengu: vyote hivyo kwa pamoja, na wewe unayeuliza umo, basi toa jojo mdomoni.

Mimi mwenyewe Karatasi hiyo niliijua kwa kuadhiriwa. Mwaka 1992 msimulizi wetu alipata mafua, nikasukumiwa kipaza sauti mbele ya watoto themanini. Nikaanza vizuri. Nilipofika kwenye ile nuru kubwa ya jioni nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba ile ni nyota ya Zuhura. Kutoka gizani ikaja sauti ya Bi Zuwaina:

"Muhanna, Zuhura ni sayari. Watoto, mwambieni."

Watoto themanini wakaniambia kwa pamoja. Mpaka leo nikikutana na watu wazima sokoni, wenye ndevu na watoto wao, wapo wanaoninyooshea kidole na kusema, "Sayari, mjomba, sayari!"

Lakini wasifu wa Bi Zuwaina hauwezi kuandikwa kwa vichekesho peke yake. Lipo jambo ambalo wafanyakazi wapya hulisikia nusunusu kwenye chumba cha chai, kila mmoja na chumvi yake. Mwenyewe amenipa ruhusa nilieleze lilivyokuwa, kwa kuwa nilikuwapo.

Sidra hula kwa maji ya falaji, mfereji unaotoka chini ya mlima na kupita bustani moja baada ya nyingine. Maji ni mamoja na bustani ni nyingi, kwa hiyo kila mtu ana zamu yake. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli cha kijiti uwanjani. Usiku zilipimwa kwa nyota. Kila nyota ya maji ilikuwa na mahali pake pa kutokea juu ya mlima, na ilipotokea, mgawa maji alifunga kwa huyu akamfungulia yule. Baba yake Bi Zuwaina, Mzee Sulayyim bin Rashid, alikuwa mgawa maji wa Sidra kwa miaka ishirini na mitatu. Neno lake lilikuwa saa ya kijiji. Watu walikuwa wakisema kwamba Sulayyim akifumba macho, nyota zinangoja.

Februari 1986 aliinuka kitandani baada ya homa ya siku ishirini. Usiku wa kwanza aliporudi kazini kulikuwa na ukungu na mwezi haukuwapo. Zamu ilikuwa ya Bi Ghaniya, mjane mwenye mitende kumi na minane na kijibustani cha majani ya mbuzi, na maji yalitakiwa yabaki kwake mpaka utokee Moyo wa Nge, ile nyota nyekundu ya kundi la Nge, ambayo kwa Sidra hutokea kwenye mwanya wa mlima wanaouita Pengo. Anayefuata baada ya Bi Ghaniya alikuwa ndugu yake Mzee Sulayyim, tumbo moja. Saa nane usiku Mzee akaona nuru nyekundu juu ya mlima, akafunga kwa mjane, akafungua kwa ndugu yake.

Harith, kaka yake Bi Ghaniya, ndiye aliyekuwa akimwagilia kwa niaba ya dada yake. Harith alikuwa ametoka kufanya kazi Kuwait na alirudi na saa ya mkononi, ya kwanza kijijini yenye namba zinazowaka. Maji yalipokauka miguuni akaitazama saa yake. Akaona ni mapema mno, asubuhi akapiga kelele.

Kwa desturi ya kule, ugomvi wa zamu haukuwa na mashahidi, maana usiku kila mtu amelala. Uliisha kwa kiapo. Baada ya sala ya alasiri Mzee Sulayyim akasimama msikitini, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba aliuona Moyo wa Nge umetoka. Harith akanyamaza, kwa kuwa mbele ya kiapo mtu hunyamaza. Mawingu yalikaa siku kumi na saba. Yalipoondoka, Harith akakaa uwanjani na saa yake na wazee wanne, wakaungoja Moyo wa Nge ukatoka kwenye Pengo. Nyota huwahi dakika nne kila siku, kwa hiyo alihesabu kurudi nyuma vidoleni mbele yao. Usiku ule wa ugomvi nyota ilitoka saa nane na nusu. Mzee Sulayyim alikuwa amemnyang'anya mjane nusu saa ya maji, akampa ndugu yake, kisha akaapa uongo kwa jina la Mungu.

Hawakumpiga wala hawakumfukuza. Walinunua saa ya ukutani wakaitundika msikitini, na kazi ya Mzee Sulayyim ikaishia hapo. Bi Zuwaina aliwahi kuniambia kwamba watu waliacha kumwachia baba yake nafasi ya kupita njiani. Si kwa ukali, walisahau tu kwamba ni mtu wa kupishwa. Yeye akaacha kulala juu ya paa. Sisi sote majira ya joto hulala nje, lakini Mzee Sulayyim kwa miaka minane alilala ndani, dirisha limefungwa, jasho linamtoka, asizione nyota.

Mwaka 1994 tulikuwa tukitayarisha onyesho la sayari. Bi Zuwaina alikuwa akizizungusha kwa haraka ili watoto waone jinsi zinavyohama kati ya makundi ya nyota, maana nyota hukaa pamoja miaka yote na sayari huzurura. Mirihi, ile sayari nyekundu, ikaja ikapita karibu na Moyo wa Nge. Nikaona mkono wake umesimama juu ya gurudumu. Nyekundu na nyekundu zilikuwa zinatazamana, na kwa mbali mtu asingezitofautisha. Saa ya chakula cha mchana akaniomba nisizime umeme wa kuba na nisimwulize sababu.

Kumrudisha Siafu nyuma miaka minane kulichukua robo saa ya kunguruma. Nilikaa kiti cha nyuma na mkate wangu. Alipofika Februari 1986 akapunguza mwendo, usiku mmoja, saa moja moja. Mara ikatokea Mirihi mashariki, peke yake, na Moyo wa Nge haujaonekana. Akatazama saa ya mtambo. Kwa kipimo cha mtambo ilipita nusu saa kamili ndipo nyota yenyewe ikatoka. Kisha akapeleka mbele siku kumi na saba, na Mirihi ilikuwa imeshaipita nyota na kwenda zake. Harith na wazee wanne walipoitazama mbingu, aliyemponza Mzee Sulayyim alikuwa amekwisha ondoka pale mahali.

Kisa cha baba yake nilikijua, nikadhani atafurahi. Alilia, tena kwa sauti, akaniambia nile mkate wangu nisimtazame.

Alhamisi ile akaenda Sidra kumwambia baba yake. Akarudi Jumamosi macho yamemvimba. Kilichosemwa nilikisikia kwake baada ya muda mrefu. Alimwambia, "Baba, haikuwa nyota. Ilikuwa Mirihi. Hukuiba." Mzee akainuka mkekani, akamjibu:

"Yaani unataka ukawaambie watu kwamba Sulayyim wa Rashid hajui nyota? Bora waendelee kuniita mwizi. Mwizi angalau ana macho!"

Hapo ndipo nilipouelewa mzigo wake. Alikuwa na ushahidi wa kumtoa baba yake kwenye wizi, na ushahidi huo huo ungemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho, jina la mjuzi. Angeweza kuwaita wazee bila idhini yake, wakaja, wakaona. Hakufanya hivyo. Miezi miwili alikuja kazini, akachomoza jua, akalizamisha, na hakuligusa tena suala hilo. Mimi ningekuwa nimeshakipigia kijiji kizima simu.

Kilichomtoa Mzee ndani ni hija. Mwaka ule jina lake lilitoka katika msafara, na mtu hawezi kwenda kuhiji bila kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Akazunguka Sidra nzima. Mlango wa Bi Ghaniya akaupita mara tatu bila kubisha. Hakuweza kuomba radhi ya wizi ambao hakuufanya, na hakuweza kumwambia Mungu "nimeitika wito wako" huku mlango ule haujafunguliwa. Zikiwa zimebaki siku tisa akampigia bintiye simu kutoka dukani, akasema maneno manne tu: "Waite. Na mimi nitakuja."

Walikuja saa nne asubuhi na basi dogo, watu kumi na wanne: Mzee Sulayyim, Bi Ghaniya na bakora yake, Harith, na wazee wa kamati ya maji. Bi Zuwaina alikuwa ameshinda wiki nzima akikata kadibodi nyeusi kwa mkasi. Alikwenda Sidra, akakaa uwanjani mahali alipokuwa akikaa baba yake, akachora mstari wote wa milima, akaukata, akaubandika kuzunguka ukingo wa kuba. Taa zilipofifia, ile milima ikasimama.

"Ee! Si Pengo lile?" alisema Bi Ghaniya. "Na kile kilima cha kwa kina Muhsin! Zuwaina, umetuibia mlima!"

"Kaa, dada, utaanguka," alisema Harith. "Haya, binti, tuonyeshe hiyo sinema yako."

Bi Zuwaina hakueleza kitu. Hakutaja tarehe, hakutaja baba yake, hakushika kipaza sauti. Aliurudisha ule usiku ukiwa na ukungu wake, maana alinituma nifunike taa za nyota ndogo kwa kitambaa, ukabaki weusi mtupu juu ya milima ya kadibodi. Tukakaa. Siafu ananguruma. Ghafla nuru nyekundu ikachungulia juu ya mlima, na kabla mtu hajavuta pumzi, sauti ikatoka safu ya mbele:

"Huo! Moyo wa Nge umetoka!"

Alikuwa ni Harith.

Wazee wawili wakaitikia, ndiyo, umetoka. Bi Zuwaina akaacha mtambo uendelee. Kwa kipimo chetu ilikuwa kama dakika moja na nusu, lakini naapa ilikuwa ndefu kuliko maonyesho yote niliyokaa humu. Nyekundu ya kwanza ikapanda. Kisha kwenye Pengo lenyewe, katikati, ikatoka nyekundu ya pili.

Halafu Harith, kwa sauti iliyopungua: "Na ile ya kwanza nini?"

"Ile si nyota, ami Harith," alisema Bi Zuwaina. "Ni sayari. Mirihi. Ilikuwa inapita tu. Huu ni usiku ule wa zamu ya Bi Ghaniya."

Wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja akamshika Mzee Sulayyim bega, mwingine akasema alhamdulillahi, mzee hakuiba, na yaliyopita si ndwele. Nami huko nyuma nilikuwa tayari kuwasha taa, nikidhani mambo yamekwisha kwa heri.

"Kwangu ni ndwele," alisema Mzee Sulayyim. "Ngojeni. Msinipe haki yote."

Alisimama, akaielekeza bakora ya Bi Ghaniya, aliyoichukua mkononi mwake bila kuomba, kwenye ile nuru ya kwanza.

"Imetokea kushoto mwa Pengo. Mnaona? Vidole vinne kushoto. Na usiku ule niliona hivyo hivyo. Nikasema, Sulayyim, hapo si pake. Nikasema, ni homa hii, macho yangu hayajapona. Nikafungua maji. Kesho yake mnaniita msikitini niape, shaka ninayo bado, hapa kifuani. Miaka ishirini na mitatu hakuna aliyeniuliza swali mara mbili. Nikaona haya kusema sijui. Nikaapa. Sikuiba maji, Ghaniya. Lakini niliapa juu ya kitu nisichokuwa na hakika nacho, na mnyonge ni wewe."

Nilimtazama Bi Zuwaina. Hilo hakulijua. Alikuwa amewaita watu waone kosa la macho, na baba yake akawaonyesha kitu kilicho chini zaidi, ambacho mtambo wetu hauwezi kukionyesha. Mkono wake ulikuwa ukitafuta swichi ya taa mezani na haukuipata, ingawa aliijua kuliko vidole vyake.

Bi Ghaniya alikuwa mwanamke wa maneno makali, na wazee wote waliinamisha vichwa wakimngoja.

"Nusu saa ya maji nilikusamehe zamani," alisema. "Mitende haikufa, iko pale, njoo uihesabu. Hicho kiapo usiniombe mimi radhi. Unakwenda nyumbani kwa mwenyewe uliyeapa kwa jina lake, ukamwombe huko. Na ukimaliza yako, niombee na mimi, maana nimekuita mwizi miaka minane, na wewe hukuwa mwizi. Ulikuwa na kiburi tu. Haya, nipe bakora yangu."

Mimi niliwaachia lile giza dakika kadhaa kabla ya kuwasha taa, nikaziwasha pole pole. Sikutaka mtu yeyote amwone mwenzake uso mapema mno.

Mzee Sulayyim alikwenda hija akarudi. Kazi ya kugawa maji hakuirudia, ingawa walimtaka. Alisema saa ya ukutani haina kiburi, iacheni. Lakini alirudi kulala juu ya paa. Na kila mwezi, mpaka alipofariki mwaka 2003, alipanda gari la mboga kuja kwenye Jumba letu, akakaa kiti cha kwanza bila tiketi, akawasumbua wasimulizi. Akisikia kosa, hapigi kelele, anakohoa. Tulikuwa na msimulizi mmoja kijana aliyeacha kazi kwa sababu ya kikohozi kile.

Bi Zuwaina naye tangu siku ile alibadilika kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyomfanya awe mwalimu. Mwaka 1998 alianzisha kuba la hema, lile la kupulizwa kwa pampu, akalipeleka shule mia mbili na kumi za bara na milimani, mara nyingine juu ya punda, Siafu mdogo, mtambo wa kubebwa, amefungwa kwa kamba. Aliwafundisha walimu wengi ambao leo wanawafundisha watoto wa watoto wale. Na kila alipoulizwa asilolijua alisema "sijui", kwenye kipaza sauti, bila kung'ata maneno. Mgeni mmoja mkubwa wa serikali, mwenye msafara wa magari saba, alimwuliza nje ya ulimwengu kuna nini. Akajibu, "Sijui, mheshimiwa. Na aliyekwambia anajua, nipe anwani yake nikamwulize." Mkurugenzi alifumba macho. Mgeni alicheka mpaka walinzi wake wakasogea.

Hana fahari, lakini ana ukali wake, nisije nikaonekana namsifu kwa sababu anaondoka. Hawezi kukaa na mtu anayekula mbegu za maboga ndani ya kuba. Ananidai kijiko chake cha sukari tangu 2007 na ameniambia nisiandike hilo. Siafu alipostaafishwa mwaka 2011 na kuletwa mitambo ya kompyuta, alijifunza ile mipya kwa siku nne akiwa na miaka arobaini na mitano, kisha akaenda stoo peke yake akampangusa Siafu vumbi na kumfunika shuka lake la nyumbani. Nilimwona. Sikumtania.

Mwanzoni mwa mwezi huu ilikuja barua kutoka Sidra. Vijana wa siku hizi wanagawa maji kwa simu zao, na wale wachache wanaozijua nyota za maji wanakufa mmoja mmoja. Kamati imekubaliana kwamba usiku wa Ijumaa, kila wiki, zamu zirudi kwenye nyota, elimu isipotee. Wanataka mgawa maji wa usiku huo awe Bi Zuwaina. Hajapata kuwapo mwanamke katika kazi hiyo, na barua haikulitaja jambo hilo hata kidogo, kama vile halikuwa la kutajwa. Ilitaja tu kwamba, kwa desturi, mgawa maji mpya ataapishwa msikitini.

Aliisoma kwenye chumba cha chai, akaikunja, akakaa nayo siku tano. Chai yake ilipoa mara tano. Sote tulijua anataka kwenda, na sote tuliona kinachomzuia. Siku ya sita akaandika jibu la mistari mitatu, akanipa niliangalie, na ndilo hili: "Nitakuja na nitaipenda kazi. Siapi. Nikikosea nitawaambia asubuhi ile ile, na maji nitayarudisha kwa kukatwa kwenye zamu ya bustani yetu."

Desturi ya mamia ya miaka haiondolewi kwa mistari mitatu. Tulisubiri wiki mbili, na mimi nilishaanza kuandaa maneno ya kumpoza. Juzi Jumatatu simu ya ofisi ikalia, nikapokea. Alikuwa Harith, ambaye sasa ana miaka themanini na miwili na ndiye mwenyekiti wa kamati. Hakusalimia vizuri, ana haraka ya wazee.

"Wewe ndiye yule fundi wa taa? Mwambie Zuwaina aje. Tumesoma barua yake msikitini. Wengine walinung'unika, nikawaambia, mtu wa mwisho kuapa juu ya nyota hapa nilimsikia, na aliyemhukumu nilikuwa mimi na saa yangu, na hiyo sayari nilikuja kuiita nyota mwenyewe mbele ya watu kumi na wanne. Mwambie hapa haapishwi mtu tena. Si yeye tu. Yeyote."

Nilipompa ujumbe huo Bi Zuwaina alikuwa akifuta meza yake. Aliendelea kuifuta mahali palepale kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba asingekohoa leo," akatoka nje, na kipindi cha saa sita akakiendesha kama kawaida, jua likachomoza mashariki, likazama magharibi.

Bi Zuwaina, Jumba hili lilikuajiri kupiga chapa barua, na wewe ukatufundisha kuitofautisha nuru ya kujitegemea na nuru ya kuazima, nasi tukapata kazi ya maisha. Tunakushukuru sisi wote, wasimulizi, mafundi, wasafishaji, wakata tiketi, na watoto themanini wa mwaka 1992. Nenda Sidra kwa heri. Mwenyezi Mungu akupe anga lisilo na ukungu, ulimi mwepesi wa kusema ulipokosea, na majirani watakaokusamehe kabla hujabisha mlango.